Niliyojifunza kwa Aglianico: kutoka mashamba ya Vulture hadi mtihani wa usomelia

Wanaoniuliza kuhusu kozi ya usomelia, yaani utaalamu wa kuonja na kuhudumia mvinyo, huku Italia karibu wote huanza na bei, basi nami nianze nayo. Chama cha masomelia cha Italia, AIS, kilichoanzishwa Milan mwaka 1965, hufundisha kwa ngazi tatu, na kila ngazi ilinitoka zaidi ya euro mia sita. Vitabu na mkoba wa glasi za kuonjea vimo ndani ya ada hiyo. Visivyomo ni mafuta ya gari kwenda na kurudi Potenza usiku wa baridi, na chupa za kufanyia mazoezi nyumbani, maana pua haijifunzi kwa kusoma. Mwenye mgahawa nilikokuwa nikihudumu alinisaidia nusu ya ngazi ya kwanza. Zilizosalia zilitoka kwenye bahashishi, euro mbili leo, tano kesho, ndani ya mkebe wa kahawa juu ya friji.

Pesa ziliuma na zikarudi. Kilichonitoa jasho ni mvinyo wa huku nilikoolewa, Aglianico wa Vulture. Ukiuelewa huo, mivinyo mingi myekundu iliyobaki inakuwa nafuu.

Mimi ni mtoto wa Kilifi, baba yangu mgema. Nilikua nikijua kwamba tembo la asubuhi ni la kunywa leo; likilala linakuwa kali, likilala tena ni siki. Kiitaliano nilikiokota Malindi, nikiwapelekea watalii kahawa na bili. Nilipofika Rionero, mji ulio chini ya mlima Vulture katika mkoa wa Basilicata, nilikuta watu wakibishana mezani kuhusu mvinyo wa miaka kumi iliyopita. Huku sheria yenyewe inakulazimisha kungoja. Aglianico del Vulture Superiore, daraja la juu la mvinyo huu, hauruhusiwi kuuzwa kabla ya tarehe 1 Novemba ya mwaka wa tatu baada ya mavuno, na Riserva, ule unaokomazwa zaidi, hungoja mpaka mwaka wa tano, miezi 24 ya muda huo ukiwa ndani ya pipa la mbao.

Jirani ndiye aliyenionjesha mara ya kwanza, mvinyo wa mavuno yaliyotangulia, kutoka mtungi wake wa kioo. Ulikuwa mweusi unaokaribia wino. Nikapiga funda. Ulimi ukakauka, ufizi ukashikana na midomo, mashavu yakavutwa ndani. Aliyewahi kula bibo ambalo halijaiva sawasawa anaujua ukakasi ule. Uzidishe, kisha uukamulie ndimu. Mavyaa alinitazama akacheka. "Mwanangu, nani amekwambia unywe kabla ya kula?" Akanipakulia mwanakondoo aliyepikwa na viazi, vitunguu, nyanya na ganda la jibini la kondoo, wenyewe huita *cutturidd*, mafuta yakielea juu. "Tafuna kwanza. Haya, sasa kunywa." Ukakasi ulipungua mno, na nyuma yake nikaisikia ladha ya tunda kwa mara ya kwanza.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye sana. Tanini, kile kinacholeta ukakasi, hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na tabia yake ni kung'ang'ania protini. Isipokuta chakula, huzishika protini za mate. Mate yakikosa utelezi, mdomo unakauka. Nyama yenye mafuta huipa tanini kitu kingine cha kushika na kuulainisha mdomo upya, na chumvi nayo hupunguza ule ukali. Kwa hiyo ukinunua chupa ya Aglianico, usiitolee hukumu ukiwa na tumbo tupu kwenye kochi, unatazama mpira.

Zabibu yenyewe niliijulia shambani kwa baba mkwe. Aglianico huchelewa kuiva kupita karibu zabibu zote nyekundu za Italia. Vulture huanza kuvuna katikati ya Oktoba, na iko miaka ambayo Novemba inaingia mashada yangali juu ya mizabibu. Mashamba yamepanda kwenye miteremko ya volkano iliyozimika zamani, yenye urefu wa mita 1,326; ndani ya shimo lake leo kuna maziwa mawili, maziwa ya Monticchio. Mchana jua kali, usiku baridi, na hiyo baridi ndiyo inayoulinda uchachu wa zabibu usipotee wakati sukari inapanda. Chini ya udongo kuna *tufo*, jiwe jepesi lenye vitundu ambalo hunywa mvua za majira ya baridi na kuyaachia maji polepole wakati wa kiangazi. Kwenye mashamba ya wazee bado utaona kila mzabibu umeegemea matete matatu yaliyofungwa pamoja kileleni.

Baba mkwe alikuwa na kipimo cha sukari, ila hakukiamini peke yake. Alipita mistari akichuma tunda moja huku, moja kule. Alinyonya nyama, akatema ganda kiganjani akalisugua kuona linatoa rangi kiasi gani, kisha akazitafuna mbegu kwa meno ya mbele. Mbegu changa ni ya kijani, inanata, chungu. Iliyoiva ni ya kahawia, inavunjika kwa mlio, na ladha yake inaelekea karanga zilizokaangwa. Hali ya hewa ilipotishia mvua, shemeji zangu walimshinikiza tuvune upesi. Akawapa mbegu watafune. Hakuna aliyerudi tena na hoja hiyo.

Kazi ya kuvuna haina mashairi. Umande unaloanisha mikono, mkasi unateleza, kreti ikijaa inafika kilo ishirini na wewe uko kwenye mteremko. Nunua glavu za mpira za kuvaa chini ya zile za kitambaa. Hilo peke yake lingeniokoa vidole msimu wa kwanza.

Na kwa kuwa wengi wanaoniandikia ni vijana wanaotafuta kazi za msimu, niseme na hili. Mwezi wa nane na wa tisa, tambarare za upande wa Palazzo San Gervasio huwa na Waafrika wengi wanaovuna nyanya, na baadhi yao hupanda huku kwenye zabibu Oktoba ikifika. Mimi nilivuna kwa wakwe zangu, sikuyapitia yao, ila nimewasikia wakisimulia: dalali anakata nauli, anakata maji, anakata mkate, na jioni ujira umebaki nusu. Sheria namba 199 ya mwaka 2016 inamwadhibu dalali wa namna hiyo na pia mwajiri anayemtumia. Dai mkataba wa maandishi hata kama kazi ni ya wiki mbili, na nakala yake kaa nayo wewe mwenyewe.

Baada ya mavuno mvinyo ulishushwa kwenye mapango. Rionero na Barile, mji jirani uliokaliwa na Waalbania tangu karne nyingi, yote miwili ina maghala yaliyochongwa ndani ya tufo, na joto lake halibadiliki sana mwaka mzima. Zamani sehemu kubwa ya mvinyo huu iliondoka kwa matangi kwenda kaskazini, kutia nguvu na rangi mivinyo dhaifu ya wengine, jina la Vulture lisionekane popote kwenye chupa. Ulipata hadhi ya DOC, cheo cha kisheria cha mvinyo wenye asili inayojulikana, mwaka 1971, na Superiore ikapanda kuwa DOCG, cheo cha juu zaidi, mwaka 2010. Ndugu yake wa mkoa jirani wa Campania, Taurasi, unaotengenezwa kwa zabibu hiyohiyo, ulikuwa umeshaipata DOCG mwaka 1993. Wauzaji hupenda kuuita Aglianico "Barolo ya Kusini". Sifa hiyo imenichosha. Barolo ni mvinyo maarufu wa kaskazini, wa zabibu ya Nebbiolo, rangi yake nyepesi, harufu yake inaelekea waridi. Aglianico ni mweusi zaidi, una moshi na majivu, na hauhitaji kuazima jina la mtu.

Mgahawani ndiko nilikoona pesa za wateja zikipotea bure. Chupa nzuri zilipangwa kwenye rafu karibu na tanuri la piza ili zionekane. Mvinyo wa asilimia 14 ukifika nyuzi 25 unanuka spiriti, na mteja aliyelipa euro arobaini anaondoka akisema Aglianico ni mvinyo wa kishamba. Majira yote ya baridi yalipita kabla sijamshawishi mwenye mgahawa azihamishe. Mwishowe nilinunua kipimajoto cha jikoni, nikamwekea glasi mbili mbele yake, moja ya nyuzi 17 na moja ya kutoka rafuni, bila kumwambia ipi ni ipi. Kesho yake rafu ilikuwa tupu. Nyuzi 16 hadi 18, msibishane. Na kuzibua chupa saa mbili kabla kisha kuiacha wima hakuleti faida kubwa, kwani shingo ni nyembamba na hewa haipati pa kuingilia. Umimine kwenye jagi la kioo lenye tumbo pana.

Mezani nilikuwa na shida nyingine, ya rangi yangu. Mteja huuliza swali la mvinyo huku akimtazama mwenzangu Mwitaliano, kijana ambaye hanywi kitu ila soda. Bwana mmoja aliniomba, kwa adabu kabisa, nimwitie "mtu anayejua". Nikaenda jikoni, nikavuta pumzi, nikarudi na chupa na jagi. "Anayejua alikuwa ameenda jikoni," nikamwambia, "amerudi." Akacheka, akaagiza Riserva. Si kila siku nilikuwa na ulimi huo. Siku nyingi nilimeza, nikalia ndani ya gari, na ndizo siku zilizonipeleka kwenye kozi.

Ngazi ya kwanza ni kuonja na kuhudumu, ya pili ni mikoa ya Italia na nchi nyingine, ya tatu ni chakula na mvinyo. Kiitaliano cha mezani hakitoshi. Kabla ya kujiandikisha, soma sura mbili za kitabu chochote cha mvinyo kwa Kiitaliano. Ukikwama kila mstari, ngoja mwaka mmoja.

Mimi nilikwama kwenye harufu. Fomu ya kuonja ina orodha: cheri chachu, forosadi, plamu, maua ya porini, majani yaliyooza msituni. Wenzangu walikulia chini ya miti hiyo. Pua yangu ilikulia kwenye karafuu, iliki, ukwaju na moshi wa vifuu. Mwalimu aliponiuliza nasikia nini kwenye glasi ya Aglianico wa miaka kadhaa, nikasema ukwaju. Darasa likanyamaza. Akanusa tena, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Unaweza kuwa kweli. Lakini kwenye mtihani niandikie neno lililo kwenye orodha." Basi nikaanza kwenda sokoni kununua tunda mojamoja, bichi, kavu na la jamu, nikawa nanusa huku nimefumba macho. Nilimwomba fundi viatu kipande cha ngozi, na baba mkwe chembe za tumbaku. Wanaosoma ugenini, msione haya kufanya hivi. Sambamba na hilo, weka daftari la pili la harufu za kwenu, kwa sababu ndilo litakalokukumbusha mvinyo baada ya miezi. La darasani ni la mtihani.

Na mteme. Wanafunzi wengi, hasa wanawake, huona aibu kutema mbele ya watu, kisha wanaendesha gari kurudi milimani. Kiwango cha kileo kwa dereva Italia ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa dereva mwenye leseni chini ya miaka mitatu ni sifuri.

Ngazi ya tatu ndiyo iliyonilipa gharama zangu. Unapewa duara lenye miviringo iliyopimwa kutoka sifuri hadi kumi. Unaonja chakula, unakipa alama, kisha mvinyo, halafu unachora mistari uone kama maumbo mawili yanalingana. Kwa mbali inaonekana michezo ya shule. Lakini ndani yake mna mambo matatu ninayoyatumia kila siku. Chakula chenye mafuta yaliyoganda na utamu wa wanga kinadai uchachu. Chakula chenye mchuzi, au mafuta yanayoteleza mdomoni, kinadai tanini na kileo vya kukausha. Chakula chenye chumvi nyingi, uchungu au siki kinadai mvinyo laini, kwa sababu ukiweka ukali juu ya ukali hakuna anayeshinda. Juu ya hayo, nguvu zilingane: mvinyo mzito juu ya kuku wa kuchemsha ni kumwonea kuku.

Kwa kipimo hicho, vyakula vya Basilicata vinaeleweka haraka. *Pignata*, nyama ya kondoo mkubwa iliyopikwa kwa saa nyingi ndani ya chungu kilichozibwa, ina mchuzi na mafuta, na hapo Aglianico wa miaka minane hunywewa mpaka chupa ya pili. *Caciocavallo podolico*, jibini la maziwa ya ng'ombe wa Podolica, likikomaa miezi mingi huulainisha mvinyo kuliko nyama yoyote. Soseji ya *lucanica* yenye mbegu za shamari inataka chupa changa, ya bei ya chini. Kuna pilipili kavu za Senise, *peperoni cruschi*, zinazokaangwa sekunde chache tu mpaka zinavunjika mdomoni. Mswahili akisikia pilipili anajiandaa kulia. Hizi ni tamu na haziwashi hata kidogo, na zikiangukia tambi za *strascinati* pamoja na chenga za mkate, Aglianico mchanga unatosha kabisa.

Samaki ndiye alikuwa swali langu la mdomo kwenye mtihani. Waliniuliza ningeweka nini kwa *baccalà*, yaani ng'onda wa huku, aliyepikwa na hizo pilipili za Senise, chakula maarufu cha Avigliano. Wengi hujibu Aglianico kwa sababu vyote ni vya Basilicata. Chuma kidogo kilichomo ndani ya mvinyo mwekundu kikikutana na mafuta ya samaki huleta ladha ya kulamba msumari, na ng'onda mwenye chumvi nyingi anadai mvinyo laini, si wa tanini nyingi. Nikajibu rozé ya Aglianico, mvinyo wa rangi ya waridi: zabibu ileile, ila maganda yametolewa mapema na tanini haikupata muda. Mmoja wa watahini akaandika kitu, na kwa uso wake nikajua nimepita hapo. Sehemu ya maandishi ilinipa alama za kunitosha tu, kwa sababu ya mikoa ya Ufaransa, ambayo nakiri niliisoma kwa uvivu.

Nilipokwenda Kilifi Desemba iliyofuata nilibeba chupa mbili. Hapo nilithibitisha yale ambayo vitabu vya huku haviyataji. Mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta pembeni na chumvi ya kutosha anaupokea Aglianico vizuri kama mwanakondoo wa mavyaa. Mshikaki uliolazwa kwenye ukwaju unapigana nao. Pilau ya nyama, yenye bizari nzima na mdalasini, inaupenda ukiwa umekomaa, wakati mvinyo wenyewe umeshaanza kunuka viungo. Kitu cha nazi, kuku wa kupaka au samaki, usiuguse: tui ni tamu na tanini juu yake inageuka shubiri. Chukua mvinyo mweupe mkavu. Na kachumbari yenye pilipili mbuzi iende meza nyingine, kwani kileo huongeza moto wa pilipili. Kaka yangu hakusikia. Alimaliza jagi zima la maji akaulaani mvinyo wangu mpaka jioni.

Wauzaji wanaosema mvinyo mwekundu unywewe kwa "joto la chumbani" wanazungumzia vyumba vya Ulaya vya zamani. Chumba cha Pwani kina nyuzi 30. Iweke chupa kwenye friji kama dakika arobaini, uimimine kwenye jagi, halafu usogeze jagi kivulini. Ikiwa imesafiri kwa ndege, iache ilale siku kadhaa kwanza. Kwa bei, anza na Aglianico del Vulture wa kawaida, usio na neno Superiore. Huku dukani mimi hununua kwa euro kumi hadi kumi na tano. Taurasi mchanga wa bei ghali ndiyo chupa mbaya kuliko zote ya kuanzia, kwa sababu unalipia miaka ambayo bado hujaingoja.

Walioko Tanzania wasisumbuke kuagiza mbali kabla ya kuulizia Dodoma. Aglianico imepandwa huko pia, katika mkoa ambao wamisionari walipeleka mizabibu miaka ya 1950 na ambako shamba moja huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ukiipata, uliza ni ya mavuno yapi, ipoze kama nilivyoeleza, na muuza nyama mwambie asiondoe mafuta.